Kikombe cha Chai Juu ya Beringi

Chai yake ilikuwa ya rangi, haikutiwa maziwa hata siku moja, na ajabu ni kwamba hakuinywa. Aliimimina kwenye kikombe cha bati, akakijaza mpaka ikabaki nafasi ya kidole kimoja, kisha akatembea nacho polepole kupita kwenye vumbi na nyuzi za pamba hadi kwenye feni kubwa ya kiwanda. Hapo alikiweka juu ya beringi inayobeba shafti ya feni, akainama, mikono nyuma, akakitazama. Wageni walidhani anaiombea mashine. Afisa mmoja aliyekuja kukagua alivua kofia yake akasimama kimya mpaka Fundi alipomaliza.

Sisi wa kiwandani tulijua anasoma. Chai ikiwa na viduara vyembamba vinavyofuatana vizuri kuelekea katikati, feni ilikuwa na afya. Viduara vikigongana, au chai ikipanda upande mmoja wa kikombe, alizima feni bila kuomba ruhusa ya mtu. Siku zangu za mwanzo nilimuuliza kwa nini asitie maziwa, maana chai ya kiwandani ilikuja na maziwa yake na ilikuwa ya bure.

"Maziwa yanaweka utando, mayu," alinijibu. "Utando unaficha wimbi. Wewe ukienda kupimwa kifua unavaa koti?"

Tulimwita Fundi, basi. Mafundi wengine walikuwepo, wa umeme, wa kuchomelea, wa mizani, lakini ukisema Fundi bila kuongeza jina, kila aliyewahi kuleta pamba pale Bariadi alijua unamsema nani. Alikozaliwa sikuwahi kumuuliza, na yeye hakuwa mtu wa kusimulia ukoo. Mimi nilikuwa msaidizi wake, msichana pekee aliyevaa ovaroli pale, nimetoka chuo cha ufundi na cheti changu kwenye bahasha ya plastiki. Aliniita mayu, kama baba wa Kisukuma anavyomwita binti yake wakiwa na amani. Nikiharibu kazi aliniita Injinia. Mwaka wa kwanza nilikuwa Injinia karibu kila siku.

Feni yenyewe niieleze, maana bila feni hakuna Fundi. Kazi yake ilikuwa kunyonya pamba kutoka kwenye malori kupitia bomba nene na kuipeleka kwenye mashine zinazotenga nyuzi na mbegu. Ndani ya ganda lake la bati mlikuwa na mapanga manane ya chuma, kila moja urefu wa mkono wangu kutoka kiwiko hadi kwenye kucha. Yakizunguka huyaoni, unaona ukungu wa kijivu tu. Panga likipata ufa kwenye shina lake halisimami. Linaendelea kuzunguka na wenzake huku ufa ukirefuka kidogo kidogo, na kitu pekee kinachobadilika ni namna mashine inavyotikisika. Halafu siku moja linakatika, na lile ganda la bati haliwezi kulizuia.

Jambo hilo Fundi alikuwa ameliona kwa macho yake katika kiwanda kingine ambacho hakupenda kukitaja. Alinisimulia mara moja tu, tumekaa juu ya marobota ya pamba tukisubiri umeme urudi. Alisema panga lilitoka, likapasua bati, likapita mahali alipokuwa amesimama rafiki yake ameshika kopo la grisi. "Kopo lilibaki limesimama," alisema. Sikumuuliza zaidi, naye umeme uliporudi aliondoka kabla yangu.

Nadhani ndiyo sababu ya ile salamu yake. Kila asubuhi ya msimu, kabla swichi haijawashwa, alifungua kimlango cha pembeni cha feni, akalizungusha gurudumu la mapanga kwa mkono, na panga moja moja likija mbele yake aliligonga kwa spana ndogo. Aligonga kwa mkono wa kulia, na vidole vya mkono wa kushoto aliviegemeza kwenye panga hilohilo, kwa utaratibu, kama mtu anayemtuliza ng'ombe kabla ya kumkamua. Ting. Anasubiri. Ting. Anasubiri. Panga zima linaimba na sauti yake inakaa. Lenye ufa linatoa sauti fupi, ya kufa. Akifika la nane alifunga kimlango na kutangaza, "Nzima zote," na hapo ndipo mtu wa umeme aliporuhusiwa kugusa swichi. Alikuwa akiyasalimu kwa Kisukuma, "Mwangaluka, mwangaluka," panga kwa panga. Meneja akipita wakati huo na kumsalimia, hakujibiwa.

Kwa habari ya masikio yake tulikuwa na utani mkubwa. Mke wake alikuwa akimletea chakula mchana, mama mnene, mcheshi, mwenye sauti ya kuitia watu ng'ambo ya mto. Alisimama getini akaita. Akaita tena. Fundi yuko hatua kumi, amempa mgongo, anaitazama chai yake.

"Mnamwona huyu?" mama akatuambia. "Feni anaisikia ikikohoa. Mimi nikimwita mara tano ni kama naita ng'ombe wa jirani!"

Tulicheka mpaka machozi. Fundi naye aligeuka, akatuona tunacheka, akacheka. Leo nikikumbuka ule mcheko wake wa kuchelewa, moyo unaniuma.

Alikuwa mtu wa kupingana na nafsi yake, na nisipolisema hilo nitakuwa nimemchora mtakatifu. Alitukataza kuvaa pete na saa karibu na mashine, lakini yeye alivaa bangili ya shaba aliyopewa na mganga wa huko Shishiyu, na ukimuuliza alisema ni ya presha. Aliwachukia wakulima wanaomwagia pamba maji na mchanga ili iongezeke uzito. Aliwatukana usoni, na bado mkulima huyohuyo baiskeli yake ikikatika mnyororo, Fundi aliacha kazi akaitengeneza. Aliwakemea wanawake wa kuchagua takataka kwenye pamba, kumi na wawili, ambao mchana walikula wameegemea ukuta wa nje wa feni kwa sababu pale palikuwa na kivuli na upepo. "Tokeni hapo! Hapo si sebuleni!" Wao walimwita mkwe, wakamsogezea sahani. Alikula matobolwa yao, vile viazi vitamu vya kukaushwa, na karanga, amechuchumaa palepale alipowakataza kukaa. Uongozi uliahidi kuwajengea kibanda. Misimu ilipita.

Mmoja wa wale wanawake alikuwa mama yangu mdogo, aliyenilea. Ndiye aliyeniombea kazi pale, na ndiye aliyemwambia Fundi, "Huyu nakukabidhi, lakini ulimi wake ni mrefu." Fundi alimjibu kwamba ulimi si tatizo, bora mikono isiwe mifupi.

Mchanga wa wakulima ndio uliotuharibia akili sote. Pamba yenye maji na udongo ikinyonywa na feni huganda kwenye mapanga, inakauka, inakuwa gamba gumu. Panga moja linazidi mwenzake uzito na feni inaanza kutikisika. Basi kila msimu ukishapamba moto, feni ilitikisika, na kila mtu, kuanzia meneja hadi mlinzi, alikuwa na jibu lilelile: udongo huo, kwangueni. Tulikwangua, ikatulia. Tulizoea hivyo. Panga likitoa sauti ya kufa asubuhi, mtu wa kwanza kulaumiwa alikuwa mkulima, na mara nyingi kweli alikuwa yeye.

Msimu wa mwisho wa Fundi, kampuni ilimleta kijana injinia kutoka Mwanza na kiboksi kidogo chenye sumaku. Alikibandika kwenye beringi, pale pa kikombe, akaunganisha na kompyuta yake, na kwenye kioo ikatokea mistari inayopanda na kushuka.

"Mzee, hii ni sensa," kijana alisema kwa heshima. "Inasikia mtikisiko halafu inauchora. Feni ikiwa nzima inachora hivi kila siku. Panga likianza kupata ufa, huu mstari unakua, na huu mwingine unahama kidogo. Tunaona mapema."

"Na udongo?"

"Udongo pia unakuza huu wa kwanza. Ila huu mwingine hauhami."

Mbele za watu Fundi alikiita kiboksi kile mgeni wa sumaku. Alisema hakijui hata kusalimia. Watu walicheka, kijana naye akacheka, nami nikaona aibu kwa niaba ya Fundi. Lakini jioni hiyohiyo, wenzetu walipotoka, Fundi alinivuta pembeni.

"Mayu, yule kijana yuko kwa siku tatu. Muulize kila kitu. Halafu unifundishe mimi kusoma ile mistari."

"Si umesema hakijui kusalimia?"

"Nimesema. Wewe muulize."

Nilimfundisha kwa penseli, juu ya boksi la vipuri. Alijifunza kwa pupa iliyonishangaza, akinirudisha nyuma kila mahali, akitaka nichore tena mstari wa ufa, tena, tena. "Kwa hiyo sauti inaonekana," alisema, na akagusa karatasi kwa kidole. Nilidhani ni unyenyekevu wa mtu mkubwa anayekubali kujifunza kwa mtoto. Nilimheshimu zaidi kwa jambo ambalo sikulielewa kabisa. Siku ya nne injinia alirudi Mwanza na kiboksi chake, na sisi tukabaki na spana na chai.

Nifike sasa kwenye siku yenyewe, ambayo nimeizunguka muda mrefu kwa sababu siipendi.

Juzi yake Fundi aliungua vidole vya mkono wa kushoto kwa chuma kilichotoka kuchomelewa. Alikuja amefungwa bandeji nene hadi kwenye kifundo. Asubuhi alifungua kimlango, akazungusha gurudumu, akagonga kwa mkono wa kulia kama kawaida. Wa kushoto aliuweka kifuani. Mimi nilikuwa nimeshika taa pembeni yake. La kwanza liliimba. La pili, la tatu, la nne, la tano. La sita lilisema tu, pa, likanyamaza.

Nilisubiri arudie. Hakurudia. Akaenda la saba, la nane, akafunga kimlango.

"Nzima zote," alitangaza.

Malori yalikuwa yamepanga foleni hadi nje ya geti, mengine yametoka Nkoma na Nkololo tangu jana. Meneja alisimama pale na redio yake mkononi. Nilitazama uso wa Fundi, mtu aliyenifundisha tofauti ya ting na pa, nikajiambia kwamba ni udongo, kwamba yeye ameshajua ni udongo, kwamba mimi ni nani. Kumpinga mzee mbele ya meneja na madereva ni jambo ambalo nyumbani kwetu hatufundishwi namna ya kulifanya. Nilizima taa. Swichi ikawashwa.

Saa nne, wakati wa chai ya beringi, Fundi alikuwa ameitwa kwenye mashine ya kuchambua iliyokwama, kwa hiyo kikombe hakikuwekwa. Mimi nilizunguka na kopo la grisi bila kupaka kitu. Nilipita mbele ya feni mara nyingi. Ilitikisika, ndiyo, lakini msimu ulikuwa katikati na ilikuwa ikitikisika wiki nzima. Kila nilipopita niliona lile kopo mkononi mwangu nikamkumbuka yule rafiki yake.

Mchana wanawake wakatoka, wakakaa ukutani, miguu wameinyoosha, sahani mapajani. Nilisimama nikiwatazama. Kisha nilienda, nikainama, nikamshika mama yangu mdogo mkono.

"Mama, kuna mtu anakuita getini."

"Nani?"

"Sijui, ametoka kijijini. Twende."

Aliinuka akilalamika ugali utapoa. Nilimpeleka hadi getini, ambako hakukuwa na mtu, nikamwambia labda ameondoka, subiri hapa kidogo. Niliwaacha wale kumi na mmoja wamekaa palepale. Niliwaacha nikijua. Nimeandika sentensi hiyo na kuifuta mara nyingi, sasa naiacha.

Nilipogeuka nilimwona Fundi anavuka uwanja na kikombe cha chai mkono wa kulia, haraka kuliko kawaida yake, chai ikimmwagikia kwenye bandeji. Alikiweka juu ya beringi. Hakuinama hata. Chai ilikuwa inaruka, viduara vimekatana, inapanda ukingo wa upande mmoja na kumwagika. Alipiga swichi kwa kiganja. Feni ikaanza kupungua kasi, na ilipofika mwendo fulani katikati ya kusimama, kikombe kizima kilicheza, kikatembea, kikaanguka chini. Wanawake walikuwa wameshainuka kwa woga.

Meneja alikuja akikimbia. "Fundi! Malori yote haya! Ni udongo huo, mzee, ungesubiri saa ya kufunga!"

Fundi alinitazama mimi.

"Ni lipi, mayu?"

Nilidhani ananipima kama mwanafunzi. "La sita," nilisema.

Tulikwangua gamba la udongo. Chini yake chuma kilionekana kizuri tu, na meneja akaanza kupumua kwa nguvu. Fundi aliomba mafuta ya taa, akalipaka shina la panga, akalifuta mpaka likakauka, kisha akachukua chaki ya kuandikia marobota akaisugua juu yake. Tulisubiri. Kwenye weupe wa chaki ukatokea mstari mwembamba wa unyevu, mafuta yakichuruzika kutoka ndani ya ufa, unakua, unapinda, kutoka ukingo mmoja wa shina kuelekea wa pili. Umebakiza upana wa vidole vitatu. Mama mmoja wa wale kumi na mmoja alikaa chini kwenye vumbi.

Hapo Fundi alisema kwa sauti, mbele ya madereva, meneja na wanawake wote. "Asubuhi nilisema nzima zote. Sikusikia. Masikio yangu yamekwisha, ni msimu wa tatu huu. Nilikuwa nasikia kwa vidole, na vidole leo vimefungwa. Nilitakiwa kusema, nikaona aibu."

Hakuna aliyecheka. Mke wake alikuwa ameshafika na chakula na alisikia kila neno. Alitua kapu lake, akaenda, akamshika mkono ule wenye bandeji. Alisema kitu karibu kabisa na uso wake, polepole. Fundi akatikisa kichwa kukubali.

Msimu ulipokwisha aliaga. Walimpa redio, zawadi ya kijinga kuliko zote nilizowahi kuona, naye aliipokea kwa mikono miwili, "wabeja, wabeja sana," akampa mkewe. Kibanda cha wanawake kilijengwa kabla ya msimu uliofuata. Mimi nilipewa spana yake ndogo, na baadaye nikapewa kazi yake. Siku hizi kila beringi ina kiboksi chake cha sumaku, na mistari inanijia kwenye simu hata nikiwa kanisani. Wageni wananisifu. Wanasema binti huyu ndiye aliyesikia ufa, na wanawake wa wakati ule wakikutana nami sokoni wananikumbatia, na mama yangu mdogo anasimulia jinsi Mungu alivyomtuma mtu asiyejulikana amwite getini.

Sikumwambia mtu. Na kila aliponikumbatia mmoja wa wale wanawake nilitaka kujificha.

Mwaka huu, mwezi wa pamba, nilipanda bodaboda hadi Nkoma kumtembelea. Mke wake alikuwa uani anatwanga. Aliniona, akacheka, akainua mchi akapiga nao chini mara mbili, nje ya kinu. Kutoka ndani ya nyumba sauti ya Fundi ikaitika, "Naam!"

"Umeona?" mama aliniambia, macho yanang'aa. "Sasa ananisikia. Nikipiga chini anasikia kwa nyayo. Nilihangaika naye miaka yote kumbe nilikuwa natumia njia siyo."

Fundi alitoka, mwembamba zaidi, peku. Siku hizi analima pamba, yeye aliyewatukana wakulima, na kweli pamba yake ilianikwa juu ya turubai safi hata mchwa hajapita. Tulikaa mezani. Mezani palikuwa na daftari la shule na kalamu, maana watu humwandikia, naye hujibu kwa mdomo, kwa sauti kubwa kuliko anavyodhani.

"Mwadila, mayu! Feni inasemaje?"

Niliandika kwamba ni nzima. Akauliza kama bado nagonga asubuhi au nimemwachia mgeni wa sumaku. Niliandika kwamba nagonga kwanza, ndipo natazama simu. Alifurahi, akaita chai. Ililetwa ya rangi, kwenye kikombe cha bati, na safari hii aliinywa, akaniambia kumbe ni tamu, amejinyima miaka mingi.

Nilivuta daftari. Sikuwa nimepanga, au labda nilikuwa nimepanga tangu Bariadi. Niliandika yote. Kwamba asubuhi ile nilisikia la sita na nikanyamaza. Kwamba mchana nilimtoa mama yangu mdogo peke yake kwa uongo, nikawaacha kumi na mmoja ukutani. Kwamba hakukuwa na mtu getini. Kwamba wananishukuru na sistahili. Mwandiko wangu ulikuwa mbaya. Nikamsogezea.

Alisoma kwa kidole, mstari kwa mstari. Alirudi juu akasoma tena. Uani mchi ulikuwa unapiga.

"Ulikosea," alisema. "Ungenishika ukosi asubuhi ile. Hata mbele ya meneja."

Nilitikisa kichwa kukubali. Sikuweza kumtazama.

"Lakini ngoja nikwambie, maana hili nami sijamwambia mtu. Mimi nilikuwa natoka kwenye mashine ya kuchambua, na chai nilikuwa nimeshaimimina niinywe, mayu. Niinywe. Nilichoka siku ile, nilisema kikombe kimoja tu nami ninywe cha moto. Ndipo nikakuona unamshika mama yako mkono, unamvuta. Nikauona uso wako. Getini hapakuwa na mtu, na mimi macho yangu ni mazima. Nikajiuliza, huyu mtoto amesikia nini." Aligonga daftari kwa kidole. "Ndiyo maana nilikuuliza wewe ni lipi. Feni sikuisikia. Nilikusikia wewe."

Niliegemeza viwiko mezani nikafunika uso, nikajitahidi nisitoe sauti, nikasahau kwamba kwake sauti haina maana yoyote.

Yeye alikuwa anatazama kikombe. Alikuwa amekirudisha mezani kati yetu, kimebaki nusu, na juu ya chai viduara vilikuwa vinagongana.

"Ondoa viwiko, mayu," alisema kwa upole. "Unatikisa chai."